Uzamili wa ushauri nasaha (Kenya)

Uzamili wa ushauri nasaha ni masomo ya baada ya shahada ya kwanza yanayomwandaa mshauri nasaha. Nchini Kenya hutolewa na vyuo vikuu kama Kenyatta na Daystar. Nadharia, zikiwemo za mwanasaikolojia Carl Rogers, husomwa darasani, lakini kiini cha masomo haya ni mafunzo ya vitendo: mwanafunzi huketi na mteja, humsikiliza bila kumkatiza wala kumhukumu, kisha hueleza kikao kwa msimamizi, ambaye humwuliza hata kwa nini aliharakisha kuvunja ukimya. Usimamizi huu ndio unaomlinda mteja, na haufai kupuuzwa kamwe. Tasnifu huandikwa pia. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kuwasajili wanaotaka kutoa huduma ya ushauri nasaha.