Kuchagua Nyumba ya Kulala Wageni Bariadi: Stendi, Msikiti na Hukumu za Msafiri

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aila yake na Masahaba wake.

Ama baad. Zipo aila za Unguja na Pemba zenye vijana walioajiriwa Kanda ya Ziwa, na nyengine zimeoleana na Wasukuma. Kwa hivyo safari ya Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, si jambo geni tena kwetu. Wengi wanaojitayarisha huuliza suali lile lile waliloliuliza walipokwenda Dubai au London: hoteli ipi iko katikati ya mji na karibu na treni?

Kwa miji ile suali hilo ni sahihi. London ina treni ya chini ya ardhi tangu 1863, na Dubai ina metro yake tangu 2009. Mgeni akilala karibu na kituo amejipunguzia nusu ya usumbufu. Tanzania hatuna treni ya chini ya ardhi, na mji wa Bariadi haupitiwi na reli ya aina yoyote. Reli ya zamani ya Tabora hadi Mwanza, iliyofika Mwanza 1928, inapita Malampaka katika Wilaya ya Maswa, na reli mpya ya Mwanza–Isaka bado inajengwa. Basi Bariadi usiulize treni. Uliza stendi na msikiti.

Kabla ya kufika huko kuna usiku mmoja wa Dar es Salaam kwa wengi wetu, na hapo ile kanuni ya London inafaa kidogo. Ukishuka boti, kituo cha mwendokasi cha Posta ya Zamani hakiko mbali, na Stesheni ya Magufuli ya treni ya SGR nayo iko upande huo huo wa mji. Treni hiyo inafika Dodoma tangu 2024. Anayelala maeneo ya Posta, Kisutu au Kariakoo ana boti, mwendokasi na treni karibu, na misikiti haikosekani, ukiwemo wa Kitumbini. Lakini kama umekata tiketi ya basi la alfajiri kutoka Mbezi Luis, hoteli ya mjini itakuamsha usiku wa manane. Afadhali ulale huko huko Mbezi.

Kutoka Dodoma basi hupita Singida, Nzega, Shinyanga, kisha huacha barabara ya Mwanza pale Mwigumbi na kuingia Maswa hadi Bariadi. Anayepanda ndege hadi Mwanza hupita Magu na Lamadi, na kutoka Lamadi hadi Bariadi ni kiasi cha kilomita 70 za lami. Kwa njia ya basi, uwezekano wa kufika usiku ni mkubwa, na hapo ndipo ukaribu wa stendi unapokuwa na maana, hasa kwa mama mwenye watoto na mizigo. Hata hivyo usilale juu ya stendi yenyewe. Gesti zilizoshikana na stendi, katika miji mingi ya Bara, ndizo zenye baa chini na muziki hadi usiku mwingi, na baadhi yao hukodisha vyumba kwa saa. Mwendo mfupi wa bodaboda au bajaji kutoka stendi unatosha kuepukana na hayo.

Je, inajuzu kulala katika nyumba yenye baa? Ikiwa hakuna nyengine, na chumba ni chako peke yako, kulala kwako ni halali, ila kukaa kwenye meza inayonywewa ulevi kumekatazwa hata kama wewe unakunywa soda. Ikiwa nyengine ipo, hata kwa bei ya juu kidogo, mimi naona baba asiwapeleke watoto wake huko kwa ajili ya kuokoa pesa.

Jambo ambalo watu hawalifikirii ni hili: idadi ya siku unazopanga kukaa inabadilisha Swala yako. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, anakuwa mkaazi tangu anapofika. Mfano, umeingia Bariadi Jumatatu na utaondoka Ijumaa: katikati zipo siku tatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Wewe bado msafiri. Adhuhuri, Alasiri na Isha utazipunguza kuwa rakaa mbili mbili, na unaweza kuzikusanya. Ukisogeza kuondoka hadi Jumamosi siku zimekuwa nne. Huna kupunguza wala kukusanya, na Ijumaa imekuwajibikia pamoja na wenyeji. Kwa mtu huyu kulala karibu na msikiti unaosaliwa Ijumaa ni sehemu ya wajibu wake, basi aulize kabla ya kulipa. Mahanafi wao wameweka siku kumi na tano, na anayewafuata halaumiwi. Asiyejua ataondoka lini, kwa mfano anamuuguza mgonjwa na kila siku anatarajia ruhusa, anaendelea kupunguza hadi siku kumi na nane. Na msafiri akisali nyuma ya imamu mkaazi, anatimiza rakaa nne.

Pia saa. Bariadi iko magharibi ya Unguja kwa zaidi ya digrii tano, kwa hivyo jua la huko liko nyuma ya letu kwa kiasi cha dakika 20. Magharibi inachelewa zaidi ya dakika 25 mwezi wa Juni, na kiasi cha dakika 15 mwezi wa Disemba. Anayefuturu au kusali Magharibi kwa adhana ya redio ya Zanzibar amefanya hivyo kabla ya jua kuzama. Swala yake haikusihi na saumu yake ataikidhi. Ratiba iliyomo kwenye simu ibadilishwe mji, au isikilizwe adhana ya hapo hapo. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kusema mchague pahala panaposikika adhana.

Kibla nacho kinahama. Sisi Unguja tunaelekea kaskazini karibu kamili, lakini Bariadi ni kiasi cha digrii 13 kutoka kaskazini kuelekea mashariki, yaani uelekee kaskazini kisha ugeuke kidogo mkono wa kulia.

Ukipiga simu kuweka nafasi, uliza chumba ni selfu au choo ni cha pamoja, na maji yanatoka kila siku au yanahifadhiwa kwenye pipa, kwani mkoa huo una ukame. Uliza kama jikoni mwao wanapika kitimoto. Wakisema ndiyo, kula nje. Sufuria na mafuta hayatenganishwi hivyo kama wanavyosema. Chakula cha nje hakina tabu: sato na dagaa wa Ziwa Victoria, wali, ugali, michembe. Kwa nyama, uliza nani amechinja. Na uliza jengine, ambalo wageni wa visiwani hulistaajabia: gesti nyingi za Bara hazikubali wanaume wawili chumba kimoja, hata baba na mwanawe mkubwa. Usigombane na mhudumu, taja mapema.

Mwisho, chandarua. Zanzibar malaria imepungua sana, na watoto wetu hawana kinga ya kuizowea, wakati Kanda ya Ziwa ugonjwa huo bado upo kwa wingi. Chumba kisicho na chandarua kizima msikikubali, au chukueni chenu kutoka nyumbani. Mtoto akipata homa katika wiki za mwanzo baada ya kurudi, mpelekeni kupimwa siku hiyo hiyo na mwambieni daktari kuwa alikuwa Simiyu.

Wallahu a'lam.