Upinzani dhidi ya umwagaji wa maji ya Fukushima Daiichi

Upinzani huu ni wa wavuvi, wakazi na nchi jirani waliokataa maji ya kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, Japani, yamwagwe katika Bahari ya Pasifiki. Vinu vya kituo hicho viliharibiwa na tetemeko na tsunami vya Machi 11, 2011. Tangu hapo maji ya kupoza fueli iliyoyeyuka, yakichanganyika na ya mvua na ya ardhini, yamekuwa yakichujwa na kuwekwa kwenye matangi zaidi ya 1,000. Mchujo huondoa sehemu kubwa ya vitu vyenye mionzi, ila si tritiumu, ambayo ni aina ya hidrojeni yenye mionzi iliyomo ndani ya maji yenyewe.

Kiini cha ugomvi ni ahadi zaidi ya kemia. Mwaka 2015 TEPCO, kampuni inayomiliki kituo hicho, iliwaandikia wavuvi wa Fukushima kwamba maji hayangemwagwa bila kupata uelewa wa wahusika. Wavuvi hao walikuwa wakivua kwa majaribio tu, na kupima samaki wao kabla ya kuwauza, hadi Machi 2021. Mwezi uliofuata serikali ilitangaza kuwa maji yatamwagwa. Hofu kubwa ya wavuvi ilikuwa soko: mnunuzi akishaingiwa na shaka, vipimo havimrudishi upesi.

Julai 2023 shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, IAEA, lilisema mpango unakidhi viwango vya usalama. Umwagaji ulianza Agosti 24, na siku hiyohiyo China ikapiga marufuku mazao yote ya bahari kutoka Japani. Septemba, wakazi na wavuvi walifungua kesi mahakamani Fukushima.