Safu ya Lugha: Muktadha na Kumbukumbu

Neno muktadha, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kile kinachotakiwa, kwa muda mrefu limekuwa la wanaisimu, nalo hutaja mambo yanayolizunguka neno na kuliamulia maana; leo limehamia kwa waandishi wa programu wanaotumia wasaidizi wa akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Kosa linalosikika ni kulifanya sawa na kumbukumbu. Kumbukumbu ni kilichohifadhiwa, hata kisipotumika. Muktadha ni kile tu ambacho msaidizi anacho mbele yake anapojibu, nacho kina ukomo. Kwa hiyo anayetoka kwa msaidizi Claude Code, anayesoma faili la maelekezo la CLAUDE.md, kwenda kwa mwingine, Codex, anayesoma AGENTS.md, akibeba mazungumzo yote amehamisha kumbukumbu, ilhali muktadha waweza kuwa umezama humo. Kinachofaa hapo ni makabidhiano, neno ambalo muuguzi wa zamu katika hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Mandewa, Singida, hahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa anayepokea wodi huelezwa hali ya mgonjwa, dawa aliyokwisha kupewa na lililobaki. Faili la makabidhiano, vivyo hivyo, hueleza, kwa mfano, kwamba sehemu ya malipo ya programu imekamilika, risiti bado, njia ya kwanza iliachwa kwa kuwa ilivuruga tarehe, na jedwali la wateja lisiguswe. Sababu ya kuiacha njia ndiyo husahaulika zaidi. Waandishi wa programu na waiandike kabla ya kubadili msaidizi.