Stesheni Iliyo Chini ya Mlima

Katika riwaya ya Metro 2033, Dmitry Glukhovsky anasimulia habari za watu walionusurika vita vya nyuklia, wakahamia katika stesheni za reli zilizo chini ya jiji la Moscow. Huko kila stesheni ni dola ndogo: anayeishika ndiye anayeamua nani apite na nani abaki gizani. Kwa msomaji wa Usambara, hiyo si ndoto tupu.

Wafalme wa Washambaa walitawala kutoka Vuga, juu mlimani. Baada ya Kimweri ya Nyumbai kufariki mwaka 1862, mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde, chini kwenye njia ya misafara, alipata bunduki na mali, akaitikisa Vuga. Aliyeishika njia aliushika mlima.

Wajerumani waliifuata njia hiyohiyo. Reli yao ilianza Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Lushoto, wakati huo ikiitwa Wilhelmstal, ilikuwa makao makuu ya wilaya, lakini iliachwa juu, karibu mita 1,000 kutoka Mombo.

Yasemekana mlima ulikuwa mkali mno. Ni kweli kwamba treni haikwei genge. Lakini kampuni ya Wilkins & Wiese ilipotaka mbao za mitarakwa ya Shume, ilijengwa njia ya kamba za chuma, ikining'inia hewani kutoka Shume hadi stesheni ya Mkumbara. Mbao zilipata usafiri. Mshambaa alitembea kwa miguu. Naye alitakiwa ashuke: mwaka 1907 wilaya hiyo ilianzisha kadi za kazi, zilizomlazimu mwanamume kuwafanyia walowezi kazi siku 30 katika kila miezi 4.

Hoja yangu, ndugu msomaji, ni kwamba jiografia haikuamua peke yake. Mhandisi huulizwa namna ya kupita. Ni mtawala anayeamua nini kipite. Sisi wenyewe tumetoboa mahandaki katika milima ya Kilosa ili treni ya umeme ifike Dodoma. Uwezo tunao.

Leo kabichi, karoti na viazi vya Lushoto hushuka kwa malori kwenye barabara ya kona kali, takriban kilomita 33 hadi Mombo, kisha huendelea kwa barabara hadi Dar es Salaam, yakiipita reli njiani. Mpango wa reli ya kisasa kutoka Tanga hadi Musoma kupitia Arusha umekwisha kutajwa. Watumishi wa umma watakaoketi kuchora stesheni zake wasianze na ramani ya mwaka 1905. Waanze na mkulima wa Soni: atapakia wapi, kwa bei gani, na nani atamsikiliza kabla mstari haujachorwa?