Alama ya ndege ikipotea kwenye ramani: namna ya kuchunguza kipokezi cha GPS

Katika sehemu nyingi za mashariki mwa nchi yetu barabara ni mbovu au si salama. Ndege ndogo, kama zile za MAF yenye kituo chake Bunia, ndizo zinazopeleka dawa, wagonjwa na watumishi. Siku hizi ndege nyingi za namna hii hubeba kifaa cha ufuatiliaji. Kila baada ya dakika chache kifaa hicho hutuma habari za mahali ndege ilipo, na walio kituoni huiona kama alama kwenye ramani. Alama ikisimama, watu huingiwa na hofu, na uvumi wa ajali husambaa kwa simu. Lakini alama kusimama si lazima ndege imeanguka. Mara nyingine ni kifaa tu kilichoharibika.

Sehemu tatu

Kwanza kuna kipokezi cha GPS. Hiki husikiliza satelaiti zilizo juu kilomita 20,200 hivi, na kinahitaji angalau nne ili kijue mahali, kimo na saa. Chenyewe hakitumi kitu. Pili kuna redio inayotuma habari hizo kwa satelaiti nyingine, kama zile za Iridium. Tatu kuna intaneti na kompyuta ya kituo.

Ni sehemu gani iliyonyamaza?

Tuanze hapa kabla ya kugusa ndege. Kama alama za ndege zote zimesimama pamoja, tuchunguze kwanza intaneti na kompyuta. Kama ndege moja tu haitumi ujumbe wowote, tutazame umeme, fyuzi na redio ya kutuma. Lakini kama ujumbe unafika bila mahali, au mahali ni pale pale wakati ndege inaruka, basi tukitilie shaka kipokezi au antena yake.

Tutazame pia saa na namba. Vifaa vingi huandika saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Bunia na Goma kwa saa 2. Hilo si kosa. Bunia iko digrii 1 na dakika 34 kaskazini mwa ikweta, yaani 1.57. Mtu akiandika 1.34, ataisogeza alama kilomita 25 hivi. Akisahau na kuandika kusini badala ya kaskazini, ataisogeza karibu kilomita 350.

Kazi ya fundi

Kazi ndani ya ndege ni ya fundi mwenye kibali, naye huiandika katika kitabu cha ndege. Hufuata hatua hizi, akibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja:

1. Aitoe ndege nje ya banda la mabati, mahali penye anga wazi, awashe kifaa na kungoja. Kipokezi kilichozimwa muda mrefu huweza kuhitaji zaidi ya dakika 12 kupata habari zote za satelaiti. Kukizima na kukiwasha mara kwa mara humrudisha mwanzo.

2. Apime umeme unaofika kwenye kifaa, na kutazama viungo vilivyolegea au vyenye kutu.

3. Achunguze antena na kebo yake. Maji kuingia, kebo kukunjwa, au antena kufunikwa na chuma hutosha kuziba mawimbi, maana mawimbi ya GPS ni dhaifu sana. Ajaribu antena na kebo nyingine inayojulikana kuwa nzima kabla ya kuagiza kipokezi kipya.

4. Awashe redio za ndege moja baada ya nyingine. Redio ya rubani ikitumia masafa kama 121.175 au 131.275 MHz yaweza kuvuruga GPS.

5. Atazame tarehe. GPS huhesabu majuma 1,024 kisha huanza upya. Ilitokea hivyo tarehe 6 Aprili 2019. Kifaa cha zamani kinachoonyesha mwaka wa nyuma kinahitaji programu mpya.

Kama kosa liko nje ya ndege

Kipokezi kikipotea mahali pamoja tu, kisha kikapona mbele, na ndege nyingine zikipatwa na hayo hapo hapo, tusilaumu kifaa. Mwaka 2024 mawimbi ya GPS yalivurugwa Kivu Kaskazini, na ndege za misaada ziliathirika. Mawimbi ya uongo ni hatari kuliko ukimya, kwa sababu yanaonyesha mahali pasipo pa kweli. Rubani hulinganisha na dira, ramani, mito na milima, na kutoa habari kwa redio.

Sisi tulio chini

Alama ikisimama, kituo humwita rubani kwa redio, kisha hupigia kiwanja anakokwenda. Kwa hiyo kila parokia yenye kiwanja iwe na mtu mmoja anayejulikana, mwenye namba ya kituo, wa kutoa habari ndege inapotua na inaporuka. Sisi wengine tusitangaze ajali kabla kituo hakijasema. Jamaa ya abiria wanangoja nyumbani, na neno letu moja laweza kuwatia kilio kisicho na sababu.