Mti Uliochipua kwa Bunduki

Mti huu hauna mizizi ardhini wala haungojei mvua. Shina lake ni vyuma vya bunduki zilizokatwakatwa, na ndege waliotua matawini mwake ni wa vyuma hivyo hivyo. Waliouunda mwaka 2004 ni wasanii wanne wa Msumbiji: Cristóvão Canhavato, maarufu kwa jina la Kester, Hilário Nhatugueja, Fiel dos Santos na Adelino Serafim Maté. Kimo chake ni mita zipatazo tatu, uzito wake nusu tani, na jina lake ni Mti wa Uhai.

Asili yake ni vita. Msumbiji ilijipatia uhuru mwaka 1975, na baada ya miaka miwili ikatumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokoma kwa mkataba wa Roma wa Oktoba 1992. Wapiganaji walirudi makwao, lakini silaha zilibaki zimefichwa huku na huko.

Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, kwa juhudi za Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mradi wa kugeuza silaha kuwa majembe. Aliyesalimisha bunduki hakupewa fedha, kwani fedha huweza kununua bunduki nyingine. Alipewa kitu cha kumlisha: jembe, baiskeli au cherehani. Kijiji kimoja kilipewa trekta. Silaha zilikatwa zisifyatuke tena, na vipande vikawafikia wasanii.

Haikuwa biashara nyepesi. Kwa mtu aliyeishi miaka kumi na mitano vitani, bunduki ilikuwa mlinzi wa nyumba. Kuitoa kulikuwa ni kumwamini jirani ambaye huenda jana alikuwa adui.

Bendera ya Msumbiji imebeba bunduki na jembe kwa pamoja. Mradi ule ulivitenganisha: jembe likaenda shamba, bunduki ikaenda karakana.

Mti wenyewe uliagizwa na Makumbusho ya Uingereza pamoja na shirika la hisani la Christian Aid, ukasafirishwa hadi London. Silaha zilizoiteketeza Msumbiji zilitoka ng'ambo; sasa baadhi ya vyuma vyake vimevuka bahari tena, vikiwa mti. Watazamaji huusifu, na unastahili. Lakini nusu ya pili ya kazi hiyo haimo makumbushoni: ni yale majembe yaliyobaki nyumbani, yakalima.