Vitabu Vilivyovuka Mpaka: Maktaba ya Sayansi ya Kilimo kutoka Amani hadi Morogoro

Mwaka 1936 mtafiti wa Kiingereza, H. H. Storey, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Amani, milima ya Usambara Mashariki, alichapisha makala fupi kuhusu magonjwa ya muhogo. Aliitoa katika jarida changa la kilimo la Afrika Mashariki lililokuwa limeanza mwaka uliotangulia. Ugonjwa mmoja kati ya aliyoyataja ulikuwa bado haujaelezwa kisayansi. Majani yanaingia umanjano kandokando ya mishipa, shina linapata michirizi, na muhogo wenyewe, hata ukionekana mzima kwa nje, ukikatwa unakutwa umeoza ndani kwa mabaka makavu ya rangi ya kahawia. Leo mabwana shamba wanauita ugonjwa wa michirizi ya kahawia.

Kwa miaka mingi ugonjwa huo ulijulikana kuwa wa pwani na nchi za chini. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, katika mashamba yaliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na baada ya hapo ukaenea kanda ya Ziwa. Watafiti wa kizazi kipya walipokaa kuandika, walimrudia Storey, na jina lake halikosekani katika marejeo yao. Kurasa zake chache zilikuwa zimeivuka vita kuu, uhuru wa nchi tatu na kuvunjika kwa jumuiya moja, kwa sababu tu kuna watu waliozijalidi, wakazipa namba na kuziweka rafuni.

Tumezoea kuamini kwamba sayansi ni ya mambo mapya, na kwamba maktaba ya sayansi hupimwa kwa upya wa vitabu vyake. Safari ya vitabu vya kilimo vya upande wetu inatufundisha kupima kwa kipimo kingine.

Rafu za msituni

Serikali ya Wajerumani ilianzisha taasisi ya biolojia na kilimo Amani mwaka 1902, na Franz Stuhlmann akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Kituo kilikuwa na bustani ya majaribio, maabara na vitabu. Mwaka 1905 kikaanza kutoa jarida lake, Der Pflanzer, yaani Mkulima wa Mashamba Makubwa. Jina lenyewe lilimtaja msomaji aliyekusudiwa. Wasambaa waliojua kila mti wa msitu ule kwa jina na kwa kazi yake walikuwa chanzo cha habari, lakini hakuna aliyewahesabu kuwa wasomaji.

Vita vya 1914 vilipozuka na manowari za Uingereza zikaziba bahari, Amani ilikuwa miongoni mwa mahali palipotengeneza kwinini ya askari kutokana na magome ya mikwinini iliyopandwa hukohuko. Waingereza waliingia mwaka 1916, na baada ya miaka kadhaa ya kulegalega, kituo kikafufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Watafiti wapya walikuta kazi ya Kijerumani mbele yao wakaanza kuijengea juu.

Ndipo ikaja kazi ya muhogo. Storey na wenzake walipambana na batobato, ugonjwa unaokunja majani na kupunguza mavuno, kwa kuuchavusha muhogo na ndugu yake, mti wa mpira wa Ceara, kisha kuwachavusha machotara waliopatikana tena na tena na muhogo ili mizizi irudi kuwa chakula. Miaka ya 1950 mbegu za machotara hao zilipelekwa Nigeria. Huko zikawa msingi wa aina zinazostahimili batobato ambazo taasisi ya kimataifa ya Ibadan ilikuja kuzisambaza Afrika nzima. Mbegu zilisafiri na maandishi yakasafiri, na mtafiti wa Ibadan aliyetaka kujua chimbuko la mche wake alilazimika kusoma ya Amani.

Mpaka unafungwa

Baada ya vita vya pili utafiti wa kilimo wa nchi tatu zilizotawaliwa na Uingereza ulikusanywa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, chini ya shirika moja la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1948. Amani ikageuzwa kituo cha malaria. Mimea mikavu iliyobandikwa kwenye karatasi ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na maktaba ya kilimo nayo ikapata makazi mapya Muguga.

Wakati ule uhamisho huo haukumshtua mtu. Shilingi ilikuwa moja, posta moja, reli moja, na mtafiti wa Tanganyika aliihesabu maktaba ya Muguga kuwa yake. Hata baada ya uhuru, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 iliendelea kuyashikilia mambo hayo pamoja. Kisha ukafika mwaka 1977. Mwezi Februari mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na mwaka huohuo Jumuiya ikafa. Mpaka haukufunguliwa hadi 1983. Hesabu za ndege, meli na mabehewa zilijadiliwa hadharani kwa miaka. Vitabu havikupata kelele kama hizo, ingawa mgawanyo wake ulikuwa mgumu zaidi: behewa unaweza kulifidia kwa behewa, lakini mfululizo wa jarida la kilimo uliopangwa tangu enzi za Amani utaufidia kwa nini?

Morogoro

Upande wa Tanzania, chini ya milima ya Uluguru, kulikuwa na chuo cha kilimo kilichoanza mwaka 1965. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipozaliwa mwaka 1970, Morogoro pakawa na kitivo chake cha kilimo. Mwaka 1984 kitivo hicho kikawa chuo kikuu kamili na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari mwezi Aprili mwaka huo, mkoani humohumo. Mwaka 1991 sheria ikaifanya maktaba ya chuo hicho kuwa Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine. Kuanzia hapo haikuwa ya wanafunzi na walimu peke yao. Ilipewa jukumu la kukusanya, kuhifadhi na kusambaza machapisho ya kilimo ya nchi nzima.

Aliyesoma chuo kikuu zama zile atalikumbuka kabati la kadi. Unavuta droo ndefu nyembamba, na ndani yake kadi zimesimama wima, zimetobolewa chini na kupitishiwa ufito wa chuma ili zisichomolewe. Kuna droo za waandishi, droo za vichwa vya vitabu na droo za mada. Juu ya kadi kuna herufi, ambazo katika mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani unaotumiwa na vyuo vikuu vingi huwa S kwa kilimo, SB kwa mazao, SD kwa misitu, SF kwa mifugo na SH kwa uvuvi. Unanakili namba kwenye kipande cha karatasi na kwenda rafuni. Ukikosa kitabu, unarudi kwa mkutubi, na mara nyingi yeye hahitaji kufungua droo.

Kwa mwanasayansi, hata hivyo, moyo wa maktaba ulikuwa majarida, na majarida yalilipiwa kwa pauni na dola. Miaka ya 1980 fedha za kigeni zilipoadimika, vyuo vikuu vingi vya Afrika vilisitisha kulipia, na katika rafu mtu aliweza kuisoma historia ya uchumi bila kufungua ukurasa: majalada yamepangana mwaka kwa mwaka, kisha ghafla pengo. Watafiti walijiokoa kwa postikadi, wakimwandikia mwandishi wa makala awatumie nakala. Wakutubi nao walipekua majuzuu ya ikisiri ili kujua nini kimeandikwa wapi, kisha wakaomba fotokopi ng'ambo. Kujua kwamba makala ipo kulikuwa kazi moja, kuipata ilikuwa nyingine.

Nafuu ilikuja kwa hatua. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani kilianza kusambaza mkusanyo wa majarida ya kilimo kwenye diski, ukitumiwa hata pasipokuwa na intaneti. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, pamoja na wachapishaji lilizindua AGORA, mpango wa kufungulia nchi maskini majarida ya kilimo mtandaoni bure au kwa bei ndogo. Mwaka 2009 mkongo wa baharini ukafika pwani yetu, na mwendo wa kobe wa setilaiti ukaanza kusahaulika.

Nakala ya pekee

Leo mwanafunzi wa Morogoro anaweza kufungua kwa dakika moja makala iliyoandikwa Cornell. Ripoti ya jaribio la mahindi lililofanyika wilaya ya jirani huenda ikamtoa jasho zaidi, kwa kuwa pengine ilipigwa chapa nakala chache, ikakabidhiwa mfadhili na ofisi ya wilaya, na hadithi ikaishia hapo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndiyo maana kazi isiyo na mbwembwe ya kupokea tasnifu, kuzikusanya ripoti za miradi na kuzipiga picha za kidijitali inastahili kuhesabiwa miongoni mwa huduma kubwa za maktaba ya sayansi. Jarida la ng'ambo likipotea rafuni kwetu, nakala yake iko London au Chicago. Tasnifu ya muhogo wa Muheza ikiliwa na mchwa, hakuna pa kuiulizia.

Storey hakujua kwamba angehitajika tena mwaka 2004. Wala mwanafunzi anayekabidhi tasnifu yake leo hajui nani ataihitaji miaka 60 ijayo, na kwa ugonjwa gani. Mkutubi naye hajui. Anagonga mhuri wa tarehe, anaandika namba mgongoni, na kuisimamisha kati ya jirani zake, chini ya herufi SB.